Leteni Biki, Leteni na Madaftari

Masomo: Danieli 1:3-20, Luka 2:46-52, Mezali 20:17 na 21:31

   

Kila mwaka, majuma machache mbele ya Exetat, kanisa letu hapa Lubumbashi linafanya ibada ya kuwaombea wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wale tunaowaita wafinalisti. Mnaijua ibada ile. Vijana wanakuja na uniforme, shati nyeupe na suruali au sketi ya buluu. Wazazi wanasimama nyuma yao. Kila kijana anashika biki mkononi, wengine mbili, wengine tatu. Mwaka jana mama mmoja alileta boksi nzima. Wanaziinua juu, na sisi wachungaji tunaomba.

Hatudharau jambo hilo. Kitabu cha Matendo, sura ya 19, kinatueleza kwamba Mungu alitumia hata vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo ili kuponya wagonjwa. Mungu wetu hashindwi na biki. Lakini mwaka huu tuliongeza neno moja kwenye tangazo. Tulisema: mfinalisti atakayeleta biki, alete na madaftari yake. Si ya mwaka huu peke yake. Alete ya zamani pia, yale yaliyobaki, hata kama panya wamekula pembe zake.

Watu walicheka. Baba mmoja alitusimamisha mlangoni: "Pasta, madaftari ni ya nini tena? Upako utaingia kwenye kurasa zilizokwisha kuandikwa?" Tulimjibu: "Baba, uje tu, utaona." Leo tunataka kuwaeleza kwa nini tulifanya hivyo, na ni jambo gani lilitokea.

1. Mama na binti yake

Juma moja mbele ya ibada, mama mmoja wa kanisa alifika ofisini pamoja na binti yake. Mama huyu anauza makala. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sekondari wazazi bado wanalipa, na mama huyu amelipa miaka sita, gunia kwa gunia. Binti yuko mwaka wa mwisho, option ya pedagojia.

Mama alisema: "Pasta, umwambie huyu mtoto. Wenzake wote wanatoa mchango wa egzame. Mimi nimeuza miezi miwili, pesa nimeipata, na yeye anakataa kuipeleka. Anataka aanguke peke yake?"

Tukauliza: "Mchango wa nini, Mama?"

Akajibu bila kuficha, kwa sababu hakujua kuna kitu cha kuficha: "Mchango wa majibu. Kuna watu wataingiza majibu siku ile."

Wapendwa, tusimhukumu mama huyu haraka. Kila mwaka anaombwa pesa ya hiki na ya kile. Ameombwa pesa ya karatasi, pesa ya kaye, pesa ya buleti. Mtu akija kumwambia kuna na pesa ya majibu, yeye anaona ni jina lingine kwenye orodha ile ile. Dhambi imevaa uniforme ya shule, imekaa katikati ya vitu vya halali, na mama ameihesabia pesa yake ya makala.

Tukamgeukia binti. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye mfuko wake wa shule alitoa madaftari manne, akayaweka juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo: "Pasta, nikipeleka pesa ile, haya yote niliyafanya ya nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia: "Binti yetu, nenda nyumbani, uandike. Utuandikie madaftari haya yamekufanya nini. Jumapili utasoma mbele ya kanisa."

2. Ushuhuda wa madaftari manne

Jumapili ilipofika alisimama. Mikono ilikuwa inatetemeka. Alishika madaftari moja moja, na hivi ndivyo alivyosoma. Ametupa ruhusa ya kuyachapa.

"Hili ni la mwaka wa saba, daftari la dikte. Nilitoka shule ya msingi nikijua Kifaransa cha kusalimia tu. Dikte ya kwanza nilipata sifuri juu ya 20. Ya pili sifuri. Ya tatu sifuri. Profesa aliandika na wino mwekundu mpaka sikuona tena wino wangu wa buluu. Kila kosa alitaka nilirudie mara tano. Nilifikiri ananichukia. Mwezi wa tano nikapata 7. Juzi nilipofungua daftari hili tena, nikahesabu makosa ya dikte moja, nikapata 41. Darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya 50. Basi mtu huyu alikaa usiku na daftari langu, kosa kwa kosa. Anayekuchukia hafanyi kazi kama hiyo.

"Hili ni la matematika, mwaka wa kwanza wa humanite. Nilianguka, wakanipa repeshaji. Wenzangu walikuwa kwenye likizo, mimi nilikuwa kwenye ekwesio. Nilijiambia kwamba kichwa changu hakikuumbwa kwa x. Siku moja mdogo wangu wa mwaka wa sita wa shule ya msingi alikuwa anafanya devwari. Akaniuliza: nusu ukiongeza theluthi moja ni ngapi? Nikamjibu haraka: mbili juu ya tano. Akacheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. 'Yaya, ni tano juu ya sita!' Ndipo niliona kwamba x haikunikosea kitu. Fraksio ndizo nilizoziruka nikiwa mtoto, na kila mwaka nilijenga juu ya shimo lile. Majuma mawili nilikaa chini ya mdogo wangu akanifundisha. Nilipata haya sana. Kwenye repeshaji nilipata 12 juu ya 20.

"Hili ni la mwaka wa tatu, la kutayarisha masomo. Sisi wa pedagojia tunapelekwa shule ya msingi kufundisha, na profesa anakaa nyuma ya darasa anaandika. Somo langu la kwanza lilikuwa juu ya mmea: mizizi, shina, majani. Nilisema dakika 30 bila kupumua. Nikafikiri nimefanya vizuri sana. Profesa aliandika mstari mmoja: Umesema vizuri, lakini watoto wamejifunza nini? Kweli, sikuleta hata jani moja. Somo la pili nilikuja na mche wa mahindi na udongo wake. Watoto waliushika, wakachafua meza, wakaniuliza maswali ambayo sikuyajua. Nikawaambia: sijui, tutatafuta. Siku ile ndiyo nilijiona mwalimu.

"Na hili ni la mwaka huu. Kurasa nyingine bado ni nyeupe. Naogopa egzame. Sina uhakika wa kufaulu, na kwenye hesabu bado ninasitasita. Lakini yule mtoto wa dikte ya sifuri nimemwacha nyuma, na hakuna mtu aliyenivusha kwa usiku mmoja. Nawashukuru walimu wangu. Namshukuru mama yangu kwa magunia yote. Namshukuru Mungu aliyenipa kichwa kinachojifunza polepole."

Alipomaliza, kanisa lilinyamaza kwanza. Kisha mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, akaanza kulia. Akasema: "Miaka yote niliyosahihisha madaftari, sijasikia mtoto akinishukuru kwa wino mwekundu."

Na sisi wahubiri, neno la yule profesa lilitupiga. Umesema vizuri, lakini watoto wamejifunza nini? Ni mahubiri mangapi tumehubiri dakika 90 bila kuleta hata jani moja!

3. Ungamo letu

Wapendwa, baada ya ushuhuda ule hatukuweza kuhubiri kama tulivyokuwa tumetayarisha. Tulifunga karatasi yetu, tukaliambia kanisa jambo ambalo hatukuwahi kulisema. Tunalirudia hapa, kwa sababu hatutaki mfikiri kwamba mchungaji anawatupia watoto mawe kutoka juu ya mlima.

Sisi mchungaji wenu tulimaliza sekondari zaidi ya miaka 20 iliyopita, wakati nchi yetu ilikuwa imekatwa vipande na vita. Tulikuwa na rafiki darasani mwenye bidii. Kila asubuhi, mbele ya kengele, tulichukua daftari lake tukanakili devwari. Yeye alikesha, sisi tulilala. Pointi zetu zilikuwa nzuri. Buleti yetu ilimfurahisha baba. Siku ya egzame tulifanya kila njia tukae karibu na yule rafiki, tukaangalia kwake. Tulipata asilimia 53. Jirani walitumwagia poda kichwani, tukazunguka mtaa tukiimba, na mama akachinja kuku wawili.

Baada ya miaka mitatu tuliingia chuo cha Biblia. Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kuandika kurasa tatu juu ya barua ya Paulo kwa Wagalatia, kwa maneno yetu wenyewe. Kurasa tatu tu! Tulikaa usiku mzima mbele ya karatasi nyeupe. Tulijua kuomba, tulijua kuimba, tulijua kupaza sauti. Lakini kuchukua wazo moja, kulifuata, kulieleza mpaka mwisho, hatukujua. Hatukuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Mwingine alikuwa anatufanyia.

Tulipeleka nusu ukurasa. Mwalimu aliusoma, akatuangalia kwa huruma, akauliza: "Ndugu, diplome unayo. Nani aliisomea?"

Swali lile hatujalisahau. Tulikwenda sokoni, tukanunua kitabu cha sarufi cha mwaka wa kwanza wa sekondari, kilichokwisha kutumika, na tukaanza dikte tukiwa na miaka 24, mtu mzima mwenye ndevu, tukisomewa na kijana wa jirani. Ndiyo sababu ushuhuda wa fraksio ulitugusa. Binti huyu alilipa deni lake akiwa na miaka 15. Sisi tulililipa tukiwa tumechelewa, na kwa aibu kubwa zaidi.

Mezali 20:17 inasema juu ya mkate unaopatikana kwa udanganyifu: mdomoni ni mtamu, lakini baadaye mdomo unajaa changarawe. Wapendwa, sisi tumekula mkate ule. Changarawe zake tunazijua.

4. Danieli alisoma miaka mitatu

Sasa tufungue Danieli sura ya kwanza. Tunapenda kuhubiri juu ya Danieli katika shimo la simba. Lakini mbele ya simba kulikuwa na shule. Vijana hawa wanne walichukuliwa mateka kutoka Yuda, wakapelekwa Babeli, na mfalme akaagiza wafundishwe lugha na maandiko ya Wakaldayo. Mstari wa 5 unasema muda wake: miaka mitatu. Lugha isiyo ya mama yao, maandiko yasiyo ya baba zao. Ninyi watoto mnaosoma kwa Kifaransa na nyumbani mnasema Kiswahili, Danieli anawajua.

Angalieni mambo matatu.

Kwanza, mstari wa 17 unatuambia kwamba Mungu ndiye aliyewapa vijana hawa maarifa na ufahamu katika elimu. Lakini Biblia haisemi malaika aliwaletea majibu asubuhi ya egzame. Mungu alitoa, na wao walisoma miaka mitatu. Mambo haya mawili hayapigani. Paulo anawaambia Wakorinto, katika barua ya kwanza, sura ya 3, kwamba mmoja alipanda, mwingine akamwagilia maji, na Mungu ndiye aliyekuza. Anayekaa kando ya shamba lisilopandwa na kumwomba Mungu akuze, atakuzwa majani ya porini.

Pili, mwisho wa ile miaka mfalme mwenyewe aliwauliza maswali. Ilikuwa egzame ya mdomo mbele ya Nebukadneza! Pale hakuna kuangalia kwa jirani, hakuna mchango, hakuna mtu wa kuingiza karatasi dirishani. Kilichotoka kinywani mwao ni kile kilichokuwa kimeingia kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Na mstari wa 20 unasema mfalme aliwaona wanawapita waganga wake wote mara kumi.

Tatu, na hili mlisikilize sana: mbele ya egzame ile kubwa kulikuwa na jaribu dogo, siku kumi za mboga na maji. Danieli alianza kusema "hapana" kwenye sahani ya chakula, mwanzoni kabisa, wakati hakuna aliyemjua. Ndiyo maana alipozeeka aliweza kusema "hapana" mbele ya simba. Binti yetu hakupata nguvu ya kurudisha pesa ya mama yake siku ile moja tu. Aliipata katika repeshaji, alipokubali kukaa chini ya mdogo wake. Aliipata katika dikte, kila aliporudia neno moja mara tano bila mtu wa kumwona. Sisi tuliponakili devwari ndogo za asubuhi, tulikuwa tunajifunza pia: tulijifunza kuiba. Siku ya egzame tulikuwa tayari kwa jambo hilo.

Tuangalie na Bwana wetu mwenyewe. Luka 2:46 inatuonyesha Yesu akiwa na miaka 12, umri wa mtoto anayeanza sekondari. Yuko hekaluni, ameketi kati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu, ambaye vitu vyote viliumbwa kwa yeye, alikubali kuketi na kusikiliza! Na mstari wa 52 unasema aliendelea kukua katika hekima na kimo. Kama Yesu alikubali kukua, wewe mtoto wa Katuba au wa Ruashi, kwa nini uone haya kwamba bado unakua? Sifuri ya leo inakuonyesha mahali pa kuanzia.

Turudi sasa kwa biki zetu. Mezali 21:31 inasema farasi anatayarishwa kwa siku ya vita, lakini ushindi unatoka kwa Bwana. Wengine wanaruka mara moja kwenye nusu ya pili. Wapendwa, nusu ya kwanza iko pale pia. Farasi hatayarishwi asubuhi ya vita. Analishwa, anafundishwa, anazoezwa. Tuliziombea biki, ndiyo, maana ushindi ni wa Bwana. Lakini tulitaka na madaftari, tuone kama farasi amekula.

5. Neno kwa kila mmoja

Kwenu wazazi. Wengi wetu tunamwuliza mtoto swali moja tu mwisho wa mwaka: "Umepita?" Tangu leo mwulize lingine, kila juma: "Unionyeshe ulipokosea, na unionyeshe ulivyorekebisha." Mama usiyejua kusoma, wewe pia unaweza. Wino mwekundu unauona. Mwambie mtoto akueleze kila alama nyekundu. Akishindwa kukueleza, ujue bado hajaelewa. Akiweza, amejifunza mara ya pili.

Kwenu walimu mnaoabudu pamoja nasi. Tunajua mshahara ni mdogo na mara nyingi unachelewa. Tunajua mnabeba darasa la watoto 60 na chaki vipande vitatu. Hatuwafundishi kazi yenu. Lakini tunawasihi mbele za Mungu: msiuze pointi. Na yule anayemwomba binti mwili wake ili ampe pointi, asijifiche nyuma ya kwaya yetu. Jambo hilo ni dhambi mbele za Mungu na kosa mbele ya sheria, na binti atakayekuja kutuambia, tutamsikiliza yeye kwanza.

Kwenu mliowahi kuanguka. Shule ina huruma yake, inaitwa repeshaji. Hawakurudishi miaka yote nyuma. Wanakuambia, hapa ndipo ulipokosa, rudi hapa, ujitayarishe, uje tena. Damu ya Yesu inafanya zaidi ya hapo, inafuta deni kabisa. Lakini mtu aliyesamehewa bado ana kazi ya kujifunza kutembea. Petro alisamehewa kwa kumkana Bwana, na kisha alikaa maisha yake yote akijifunza kulisha kondoo.

6. Swali la mama

Sasa tufike kwa jambo ambalo limetunyima usingizi.

Baada ya ibada, yule mama wa makala alitungoja mpaka watu wote wakaondoka. Hakuwa na uso wa furaha. Alisema: "Pasta, nimemsikia mtoto. Nimekusikia na wewe. Pesa ile haitakwenda kule, nimemwachia. Lakini nikuulize. Wenzake watakaotoa watafaulu. Yeye akianguka, atarudia mwaka. Ni mimi nitakayetafuta pesa ya mwaka ule. Kanisa litapiga makofi, halafu litakwenda nyumbani. Ni nani atakayelipa?"

Ndugu zangu, mama alisema kweli. Ni rahisi kuhubiri juu ya Danieli wakati bili inakwenda kwa mtu mwingine. Tunawaambia watoto wa maskini wakatae mkate wa udanganyifu, na hatuwaonyeshi mkate mwingine. Kama uaminifu ni mali ya kanisa zima, basi bei yake haiwezi kubebwa na muuza makala mmoja.

Tuliita wazee na mashemasi, tukaweka swali lile mezani kama lilivyo. Tulizungumza mpaka usiku. Mmoja alisema tutawafundisha watoto uvivu. Mwingine akajibu kwamba mtoto aliyekataa kununua majibu si mvivu, na madaftari yake yanashuhudia. Tukakubaliana hivi: mfinalisti wa kanisa hili aliyesoma kwa uaminifu, ambaye madaftari yake yanaonyesha kazi yake, akianguka, kanisa litachangia mwaka wake wa pili, nusu ya malipo ya shule. Nusu nyingine ni ya familia. Na walimu watatu wa kanisa wamejitoa kufundisha hesabu na Kifaransa kila Jumamosi baada ya saa nane, bila malipo, hapa hapa chini ya hangari. Mafundisho yameanza. Jumamosi iliyopita walikuja vijana 14, na mmoja wa wanaofundisha fraksio kwa wadogo ni yule binti.

Kapu liko karibu na mlango wa kushoto. Hatutasema jina la mtu atakayesaidiwa. Tunaomba kila anayesema Amina kwa mahubiri haya aiseme pia pale kwenye kapu, hata kwa franka chache. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tukitaka kanisa lenye vijana waaminifu, ni lazima sisi wakubwa tuiname kwanza.

Mtatuuliza: na binti yule, amefaulu? Wakati tunachapa karatasi hii, egzame bado haijafanyika. Zamani tulikaa karibu na redio tukingoja majina. Siku hizi matokeo yanaingia kwenye simu. Siku ile itakapofika, kama atakuwa amefaulu tutaimba naye, na kama ameanguka tutakaa naye na kufungua daftari jipya. Kwa vyote viwili, aliyosoma ni yake. Hakuna simu itakayomnyang'anya.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyewapa Danieli na wenzake ufahamu katika nchi ya ugeni, uwakumbuke watoto wetu. Wape kumbukumbu ya yale waliyosoma. Ondoa hofu mikononi mwao. Utusamehe sisi wakubwa tuliopita njia ya mkato, na wazazi tuliolipa bila kuuliza. Uwabariki walimu wanaokesha na madaftari ya watoto wasio wao. Uwape mkate wao kwa wakati. Umfariji kila mama anayehesabu pesa usiku. Na mtoto aliyekuchagua wewe akaogopa kuanguka, asianguke kutoka mkononi mwako. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu.

Na watu wa Mungu waseme: Amina.